"Nani Alimuua Kapteni Alex?": Filamu ya Uganda inayowachekesha wengine na kuwaudhi wengine

Helikopta imechorwa kwa kompyuta, na kila mtu anaona kwamba imechorwa. Bunduki ya mitutu mingi imeundwa kwa vyuma chakavu. Watu wanapigwa risasi kwa makumi, damu inaruka, majengo ya Kampala yanalipuka moto ambao hauunguzi kitu. Juu ya kelele zote hizo kuna sauti ya mtu asiyeonekana. Anasimulia, anatania, anamshangilia anayepiga na kumcheka anayepigwa, kama vile amekaa benchi moja na wewe.

Hiyo ndiyo filamu ya "Who Killed Captain Alex?", yaani "Nani Alimuua Kapteni Alex?". Ilitengenezwa mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, ng'ambo ya ziwa letu. Imetazamwa mara mamilioni kwenye YouTube, na watu wa nchi za mbali wamepanda ndege kwenda kuuona mtaa ilikotengenezwa. Hata hivyo, Waganda wenyewe hawajakubaliana kama filamu hii ni fahari au ni fedheha. Wasikilizaji wetu wanaotumiana vipande vyake kwa simu nao wamegawanyika: yuko anayecheka hadi machozi, na yuko anayeuliza kwa nini tunashangilia kitu kibovu.

Makala hii inaeleza filamu za namna hii zimetoka wapi, nani anazitengeneza, na ubishi wenyewe unahusu nini hasa.

Filamu za damu, ngumi na vitisho

Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na kumbi za sinema za bei ya chini zilizoonyesha filamu mfululizo, mchana na usiku, mara nyingi mbili kwa tiketi moja. Filamu zenyewe zilitengenezwa haraka kwa pesa kidogo. Hazikuwa na waigizaji wakubwa, kwa hiyo zilivuta watu kwa vitu vitatu: damu, ngono na vitisho. Roger Corman, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 98, alijenga maisha yake yote juu ya filamu za bei rahisi, nyingine zikipigwa kwa siku chache tu. Upande wa Hong Kong, kampuni ya Shaw Brothers ilikuwa inatoa filamu za kung fu moja baada ya nyingine.

Sisi tulizipata filamu za aina hiyo kwa njia yetu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Deki za video zilitangulia kufika, na penye deki palizaliwa kibanda. Anayekumbuka kibanda umiza, iwe Mwisenge, Bunda mjini au Butiama, hahitaji kuelezwa kwa nini kiliitwa hivyo. Benchi la mbao, joto, kiti cha mtu mzima kinakaliwa na watoto watatu, na jenereta linazima pale pale stelingi anapotaka kulipiza kisasi. Rambo, Commando, Chuck Norris, Bruce Lee, Jackie Chan na Van Damme wote walipita humo. Wengi wetu hatukuelewa neno hata moja walilosema.

Ndipo akaingia mtafsiri. Tanzania ilikuwa na akina Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Walimpa adui jina la kitaani, walimwambia Rambo apite njia ipi, walitia utani ambao mwandishi wa filamu hakuuota. Uganda kazi hiyo anaifanya mtu aitwaye VJ, na huko VJ mzuri huvuta watu kuliko filamu yenyewe. Msikilizaji alishike jambo hili la mtafsiri, kwa sababu ubishi wote tutakaoueleza unarudi hapo.

Mfyatua matofali wa Wakaliga

Isaac Nabwana alizaliwa mwaka 1973. Utotoni mwake Kampala ilipita chini ya utawala wa Idi Amin, ikaingiwa na vita vya 1979 ambavyo wapo wazee wa Mara waliovipigana, ikaona mapinduzi ya 1985 na mapigano ya 1986 yaliyomwingiza Yoweri Museveni. Nabwana mwenyewe hakuwa mtu wa kwenda kwenye vibanda vya video. Amesimulia mara nyingi kwamba filamu alizisikia kwa kaka yake, aliyekuwa akienda kutazama na kurudi kumhadithia nani alimpiga nani na gari liliruka vipi. Kwa maneno mengine, mtu huyu alianza kujifunza sinema kwa masikio, kama msikilizaji wa redio.

Alikuwa akifyatua matofali. Pesa za matofali ndizo zilizomwezesha kujifunza kompyuta na kuanza kazi ya kamera. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina lililounganishwa kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Studio ni nyumbani kwake. Mke wake, Harriet, ni mshirika wake katika kazi hiyo. Dunia ikaipa studio jina la utani la Wakaliwood, kwa kuunganisha Wakaliga na Hollywood.

Jinsi wanavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapa ndipo vijana wengi wanapochangamka. Kompyuta ya kuhariri Nabwana aliiunga mwenyewe kwa vipuri. Kitambaa cha kijani kinatundikwa ukutani, mwigizaji anasimama mbele yake, kisha kompyuta inaondoa kijani na kuweka anga, moto au helikopta. Silaha zinatengenezwa na fundi wa kikosi, Dauda Bisaso, kwa mabomba na vyuma vya kuokota. Risasi inapompata mtu, damu inapasuka kifuani. Siri yake ni kondomu iliyojazwa maji yenye rangi nyekundu na kufichwa chini ya shati, ikavutwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Zamani walitumia damu ya ng'ombe. Waliiacha baada ya mwigizaji kuugua brusela, ule ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua kwa kutupisha ng'ombe mimba. Anayetaka kuigiza kwa damu mbichi ya mnyama na asome mstari huo mara mbili.

Waigizaji hawakulipwa mshahara. Filamu ilipokamilika, ilinakiliwa kwenye DVD, na waigizaji wenyewe walizunguka nazo nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa wamevaa nguo walizoigizia, wakiuza kwa shilingi elfu chache za Uganda na kubaki na sehemu ya mauzo. Ilibidi wauze haraka. Baada ya siku chache waliorudufu kwa wizi walikuwa wameshaijaza mjini.

Stelingi anakufa

Hadithi yenyewe ni fupi. Kapteni Alex ni komando bora wa jeshi la Uganda. Anatumwa kulivunja genge liitwalo Tiger Mafia, linaloongozwa na mtu katili, Richard. Kikosi cha Alex kinamkamata ndugu yake Richard, na Richard anaapa kulipiza. Kisha Alex anakutwa amekufa.

Kila mtoto aliyekulia kibanda umiza anajua sheria moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, lakini mwisho atasimama. Nabwana anaivunja sheria hiyo filamu ikiwa bado mbichi, tena halipizi. Richard anasema si yeye aliyemuua. Ndugu yake Alex, mpiga kung fu aitwaye Bruce U, anaingia kumtafuta muuaji. Mabomu yanapigwa, mji unateketea, filamu inakwisha, na swali la kwenye jina lake halijajibiwa. Wako watazamaji wanaolichukulia hilo kuwa uzembe. Kwa maoni yetu ni utani bora kuliko yote yaliyomo, ingawa mtu aliyetumia bando lake la mwisho ana haki ya kununa.

Sauti ya msimulizi kwenye toleo lililosambaa ni ya VJ Emmie, anayezungumza Kiingereza juu ya mazungumzo ya Kiganda. Anaisifu filamu huku akiicheka. Anamtambulisha mwigizaji kwa majigambo, kisha anamwonea huruma kwa sekunde moja kabla hajalipuliwa.

Kutoka Wakaliga hadi Toronto

Tangazo la filamu hii liliwekwa YouTube na likasambaa kwa kasi. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, alionyeshwa tangazo hilo, akapanda ndege hadi Kampala kumtafuta aliyelitengeneza. Baadaye akahamia Wakaliga, akawa mwigizaji, mtangazaji wa studio na mpeleka habari zake nje. Mwaka 2015 studio ilichangisha pesa mtandaoni kwa ajili ya filamu nyingine. Waliomba dola 160 tu. Zilikuja zaidi ya dola 13,000.

Mwaka 2016 filamu yao ya "Bad Black" ilipata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest, Austin, Texas. Mwaka 2019 "Crazy World" ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, katika kundi la filamu za usiku wa manane. Mwaka 2022 kikundi kilialikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani. Kuna pia filamu ya maisha halisi juu yao, "Once Upon a Time in Uganda", ya mwaka 2021, inayoonyesha urafiki wa Nabwana na Hofmanis na pia kutoelewana kwao.

Wanaogombana wanagombania nini

Walio na hasira na filamu hizi si watu wasiopenda kucheka. Hoja yao ni nzito. Uganda ina watengeneza filamu waliosomea kazi, wanaohangaika na mwanga, sauti na hadithi. Loukman Ali alipeleka "The Girl in the Yellow Jumper" hadi Netflix, ikiwa filamu ya kwanza ya Uganda kufika huko. Mtu wa namna hiyo anaposafiri na kuambiwa na mgeni, kwa tabasamu, kwamba anaijua sinema ya Uganda, ile ya helikopta ya katuni, inamuuma. Wanasema Mzungu anaipenda filamu hii kwa sababu inamthibitishia alichokwisha kukiamini: kwamba Mwafrika ni maskini, mchangamfu, na hajui anachokifanya.

Upande wa pili wako wakazi wa Wakaliga na mashabiki wa vibandani. Kwao, kwa mara ya kwanza mtu anayeruka hewani na bunduki ni yule wanayepanga naye foleni ya maji, anaongea Kiganda, na anapigana kwenye tope wanalolijua. Hawakuhitaji helikopta ya kweli. Walikuwa wameshaona helikopta za kweli katika miaka ya vita, na hazikuwa za kuchekesha.

Kundi la tatu ni wazazi na viongozi wa dini, wa Uganda na wa huku kwetu, ambao hawajali kama filamu imetengenezwa vizuri au vibaya. Wao wanauliza mtoto wa miaka minane anajifunza nini kwa kuona watu hamsini wakiuawa huku msimulizi akicheka. Swali hilo halina budi kujibiwa, na jibu la kwamba damu ni ya rangi halitoshi. Kibanda kizuri humtoa mtoto nje saa za filamu za namna hiyo. Simu haimtoi mtu nje.

Sasa, je, watu wa nje wanaicheka filamu au wanacheka pamoja nayo? Ulinganisho mmoja unasaidia. Mwaka 2007 waongozaji wawili mashuhuri wa Marekani, Quentin Tarantino na Robert Rodriguez, walitoa "Grindhouse", kuenzi zile kumbi za bei rahisi za zamani. Ilikuwa filamu mbili kwa tiketi moja, zaidi ya saa tatu. Picha ilitiwa mikwaruzo kwa makusudi, kipande cha filamu kikafanywa kana kwamba kimepotea, katikati yakawekwa matangazo ya filamu ambazo hazipo. Walitumia makumi ya mamilioni ya dola ili kazi yao ionekane rahisi na chakavu. Wapenzi wa sinema za zamani walifurahi. Watazamaji wengi wa kawaida hawakuielewa, wengine walinyanyuka na kuondoka filamu ya kwanza ilipokwisha wakidhani ndiyo mwisho, na ikashindwa kurudisha pesa zake kwenye kumbi za Marekani.

Nabwana naye anaenzi filamu alizozipenda, lakini anakwenda njia ya kinyume. Alitumia pesa kidogo sana ili kazi yake ionekane kubwa na ghali. Hakuna aliyekwaruza picha kwa makusudi, picha ilikuja hivyo. Wamarekani wale walikuwa wanaigiza ufukara, na Waganda hawa walikuwa wanaigiza utajiri. Mgeni anayeziweka zote mbili kapu moja na kuziita "mbaya hadi nzuri" amekosa tofauti hiyo, na hapo wakosoaji wa Kampala wana haki ya kukasirika.

Lakini kuna sauti ya VJ. Msimulizi ameshaicheka filamu kabla ya mtazamaji kuicheka. Ameshaonyesha helikopta na kujivunia ubovu wake. Mgeni anayejiona mjanja kwa kugundua kwamba moto si wa kweli anakuta mwenye nyumba amemtangulia. Kwa hiyo madai kwamba watu wa Wakaliga hawajui wanachokifanya hayasimami. Walijua, wakamweka mtu na maiki aseme.

Hapo pia pana sababu ya watu wetu kutokubaliana. Anayetazama peke yake, usiku, sauti imepunguzwa ili asiamshe watoto, anaona waigizaji wasiozoea kamera na picha yenye ukungu. Filamu ileile, watu kumi wamezunguka simu moja gengeni na mmoja anafasiri Kiingereza cha VJ kwa Kiswahili, au kwa Kijita, inakuwa kitu kingine kabisa. Ilitengenezwa kwa ajili ya kundi. Tofauti ya maoni mara nyingine ni tofauti ya mahali mtu alipokaa.

Suala la pesa

Habari nyingi za nje zinasema filamu hii iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Tarakimu hiyo imerudiwa hadi imekuwa kama sehemu ya jina lake, na kwa maoni yetu ndiyo yenye madhara kuliko helikopta. Dola 200 ni pesa taslimu zilizotoka mfukoni. Humo hamna siku za waigizaji, mikono ya Bisaso, usiku wa Nabwana mbele ya kompyuta umeme unapokatika na kurudi. Ni sawa na kuhesabu gharama ya safari ya dagaa kwa mafuta ya taa za karabai peke yake na kusahau wavuvi, nyavu na mtumbwi. Mtu akiambiwa kwamba Mwafrika anatengeneza filamu kwa dola 200, siku nyingine hatampa 2,000.

Vijana wa Musoma wanaotaka kujaribu kwa simu zao wajue pia kwamba sheria ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo imefanyiwa marekebisho, inataka kibali cha kutengeneza filamu, na kazi ikikamilika inakaguliwa na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Ofisi ya utamaduni ya halmashauri ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza. Na anayeshika bunduki ya mbao barabarani bila kuwaambia polisi na majirani mapema anaweza kukutana na filamu ambayo hakuiandika. Tanzania haianzi sifuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa "Nsyuka", filamu ya kutisha ya bei ndogo iliyotumia mizimu ya kwetu badala ya vampaya wa Ulaya, na watu waliogopa kweli.

Jinsi ya kuitazama

Filamu nzima ipo YouTube bure tangu 2015, imewekwa na studio yenyewe. Ina urefu wa saa moja na dakika kadhaa. Kwa mwenye bando dogo, ubora wa chini kabisa unatosha, kwani hata ubora wa juu hautaongeza kitu kikubwa. Baada ya kumaliza filamu hii, Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, maana hakufikiri kama kuna mtu nje ya Wakaliga angeitaka. Kinachotazamwa leo duniani kote kimetolewa kwenye DVD, aina ileile iliyouzwa nyumba kwa nyumba. Picha safi kuliko hiyo haipo.